Ramani ya Ami na Dirisha la Ukutani

"Ramani yangu i wapi yeo?"

Kwa miezi minne swali hilo lilinifikia kwa simu karibu kila alfajiri, watu wakiwa ndio kwanza watoka msikitini. Aliyeuliza ni mzee wa zamu ya usiku ambaye mimi humwita Ami. Hatuna damu moja. Alisoma chuo kimoja na baba yangu, Langoni, hapa Lamu, akaingia baharini angali mdogo, akawa nahodha wa jahazi, kisha wa maboti ya mashine. Magoti yalipomgomea kupanda na kushuka ngazi za gati, kampuni iliyomwajiri ikamkalisha kwenye chumba cha kuongozea vyombo. Kampuni yenyewe sitaitaja. Ina maboti ya abiria na matishari ya mizigo yanayokwenda Mokowe, Manda, Pate, Faza, mengine hadi Kiunga, na chumba chake kiko ghorofa ya juu, usoni pa bahari.

Programu iliyompotezea ramani yake niliiandika mimi.

Kila meza pale ina skrini nne. Kuna ramani ya vyombo, kuna orodha ya kengele, kuna daftari la redio, kuna kamera za magati, orodha za abiria, jedwali la maji kujaa na kupwa, hali ya hewa. Vyote hivyo nilivifanya madirisha huru: kila moja laweza kufunguliwa, kuvutwa, kupanuliwa, kupelekwa skrini yoyote. Niliamini kwamba uhuru huo ndio wema mkubwa niliowafanyia. Nilikuwa nikiandika kwenye kompyuta ya kupakata, nyumbani Mkomani, skrini moja tu mbele yangu. Dirisha likinipotea nililipata mara moja kwa kuwa halikuwa na pa kwenda.

Sababu ya ramani kuhama ilinichukua muda kuigundua. Kompyuta huhesabu nafasi kuanzia pembe ya juu ya kushoto ya skrini kuu. Pale ndipo sifuri. Skrini iliyo kulia hupata namba zinazopanda, na iliyo kushoto hupata namba hasi. Ami aliiweka ramani kwenye skrini ya kushoto kabisa, kwa sababu akiketi pale, bahari iko kushoto kwake. Dirisha la ukutani limefunguka upande huo, taa za gati la Manda zinaonekana ng'ambo, naye alitaka ramani na bahari vikae upande mmoja wa uso wake. Kwa hiyo nafasi ya ramani ilianzia hasi 1920. Nami ndani ya programu nilikuwa nimeweka sharti kwamba namba yoyote iliyo chini ya sifuri ni dirisha lililotoka nje ya skrini, lirudishwe. Kila programu ilipowashwa upya, ramani ya Ami ilichukuliwa mahali alipoiweka ikabwagwa kwenye skrini kuu, juu ya orodha ya kengele. Mstari mmoja wa programu, niliouandika kwa nia njema, bila kumwona mtu akikaa mbele ya skrini nne.

Nilipousahihisha mstari huo nikadhani yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu umeme wetu nao huyumba. Kompyuta za chumba kile zilikuwa na betri ya akiba, lakini skrini zilichomekwa moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kufanya kazi huku skrini zimekufa, mpaka jenereta ishike. Skrini iliyounganishwa kwa waya wa DisplayPort ikizimika, Windows mara nyingi huihesabu kuwa imechomolewa, na madirisha yaliyokuwa juu yake huhamishiwa ile iliyobaki. Skrini zinarudi moja moja, kila moja kwa mwendo wake. Jenereta ikishawaka, opereta anakuta madirisha tisa yamerundikana mahali pamoja kama nguo za kufua, na huo ndio wakati ambao maboti yanamhitaji zaidi, kwa kuwa magati yote yako gizani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu.

Nyumba aliyoishi ni ya mawe, ya zamani, yenye zidaka ukuta mzima wa ndani, safu juu ya safu. Nilipokuwa mtoto taa ikizimika sisi tulipiga kelele, yeye alinyanyuka kimya, akanyoosha mkono kwenye kidaka cha tatu cha safu ya chini, akatoa kiberiti. Hakupapasa. Mkono ulikwenda moja kwa moja ukarudi. Siku moja shangazi alipiga zidaka chokaa akavirudisha vyombo kwa mpango mzuri zaidi, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo. Kwa macho ulipendeza. Usiku ule bibi alivunja kikombe cha kauri alichorithi kwa mamake, akalia. Hakukilia kikombe peke yake. Alikuwa akisema, "Hata ndani mwangu sipajui tena."

Nililolielewa kwa kuchelewa ni kwamba mtu aliyekaa mezani kwa muda wa saa nane hasomi majina ya madirisha. Jicho lake linakwenda mahali. Kengele ikilia Ami hatafuti, anageuza shingo kiasi alichokwisha kukizoea, na kile anachokitaka kinapaswa kuwa pale. Dirisha likihama hata shubiri moja, umemwondolea kitu alichokijenga kwa miezi, na hakuna maandishi makubwa wala rangi nzuri inayoweza kumlipa.

Nikaacha kuhifadhi nafasi kwa namba ya skrini, maana "skrini ya 2" ya leo yaweza kuwa "skrini ya 3" kesho kompyuta ikiwashwa. Kila skrini hubeba utambulisho wake, aina na namba ya kiwandani, na kompyuta huusoma kupitia waya. Sasa programu inakumbuka kwamba ramani ni ya skrini hii yenye namba hii, katika sehemu hii ya upana wake. Skrini ikitoweka, programu haikimbilii kupanga upya, inangoja. Ikirudi, dirisha linarudi kwake. Iwapo haikurudi baada ya nusu dakika, basi yale madirisha matatu ya lazima pekee ndiyo yanayohamia skrini jirani, mahali palipokubaliwa na waendeshaji wote mapema. Na skrini nazo zikaunganishwa kwenye betri. Hilo la betri lilikuwa la bei ndogo kuliko kazi yangu yote, na fundi wa umeme aliliona siku ya kwanza alipoulizwa. Hakuna aliyemuuliza kabla ya hapo.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni jambo jingine.

Ilikuwa jioni ya bamvua, maji yanatoka kwa nguvu. Zamu ilikuwa ya dada mmoja aliyetoka Faza, mwepesi wa kibodi kuliko sisi sote. Alikuwa anaandika kwenye daftari la redio maneno ya nahodha aliyekuwa akiondoka Mokowe: idadi ya abiria, mizigo, saa. Katikati ya sentensi, boti nyingine iliyokuwa Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari ndani ya mikoko, ilituma kengele ya mashine kuzimika. Programu yangu ilifungua kidirisha katikati ya skrini kuu, chekundu, chenye kitufe kimoja kilichoandikwa "Nimeona". Kwa kuwa kilikuwa kipya, kompyuta ilikikabidhi kibodi. Dada hakuwa akiitazama skrini hiyo, alikuwa anasikiliza redio na kuandika. Akamaliza mstari wake, akabonyeza Enter.

Kidirisha kikafungwa. Kengele ikanyamaza. Kwenye kumbukumbu ikaandikwa kwamba ameiona.

Nahodha wa Mkanda hakuwa hewani, betri ya redio yake ilikuwa imekwisha pamoja na mashine. Alipata mtandao wa simu baada ya dakika kumi na nne, mkondo ukiwa umeshampeleka kwenye matope. Hakuna aliyeumia. Abiria walikaa pale hadi maji yalipojaa tena usiku wa manane, mama mmoja akiwa na mtoto mchanga na mbu wa mikoko wakimla. Asubuhi yake nikaitwa. Msimamizi alikuwa na karatasi ya kumbukumbu mkononi na alikuwa tayari kumwandikia yule dada barua ya onyo, kwa sababu karatasi ilisema ameiona kengele sekunde moja baada ya kulia. Sekunde moja! Hakuna binadamu anayesoma, akaelewa, akaamua katika sekunde moja. Niliisoma mara mbili, nikasema mbele ya wote kwamba karatasi ile ni ushahidi dhidi ya programu na wala si dhidi yake. Namshukuru Mungu nilipata kinywa cha kulisema. Barua haikuandikwa. Lakini yeye alikuwa ameshalia usiku kucha, na hilo siwezi kulifuta.

Tangu siku ile nina sharti ambalo silivunji kwa mteja yeyote: dirisha lisilofunguliwa na opereta mwenyewe halipewi kibodi. Njia ipo, ni ndogo kabisa. Kwa wanaotumia WPF, zana ya Microsoft ya kuundia programu za Windows, ni kuiweka ShowActivated kuwa False kabla ya kulionyesha. Dirisha linachomoza, linaonekana, linalia, lakini herufi zinaendelea kwenda zilikokuwa zikienda. Na kitufe cha kuthibitisha kengele hakikubali Enter wala kitufe cha nafasi. Kinataka kuguswa kwa makusudi, na hakifanyi kazi katika sekunde mbili za kwanza. Halafu nikaviondoa kabisa vile vidirisha vya katikati. Kengele zote zinaingia kwenye orodha moja, iliyo mahali pamoja, ambayo haifungiki wala haifunikiki na kitu chochote.

Madirisha yanayosimamisha mengine yote mpaka yajibiwe nayo niliyaondoa. Mtu anayeulizwa "Una hakika unataka kuhifadhi?" huku ramani yake imegandishwa nyuma ya swali hilo hatendewi haki.

Baada ya kisa cha Mkanda niliomba ruhusa nikae chumbani usiku wiki nzima, bila kompyuta, na daftari tu. Ningeanza na hilo kabla ya kuandika herufi moja ya programu, boti ile isingekaa kwenye matope. Ami alinitengea kiti nyuma yake. Kahawa chungu ilikuwa kwenye chupa, na yeye hakuongea sana mpaka usiku wa tatu.

Nilimwona amebandika vipande vya karatasi kwenye kingo za skrini: mshale mdogo unaoelekea chini, neno "Faza", neno "abiria". Alikuwa amejitengenezea mwenyewe alama za mahali, kwa sababu programu haikumpa. Nilimwona akiandika saa za maji kujaa kwenye daftari la shule kwa kalamu ya risasi ingawa dirisha la maji lilikuwepo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Lile hufunikwa. Hili halifunikwi." Nilimwona akifunika skrini ya kulia kwa leso ifikapo saa tano usiku, kwa kuwa weupe wake ulimharibia macho kila alipogeuka kutazama baharini. "Mato yangu yataka giza, mwanangu," alisema. "Nikitazama ndani mno, nje sioni." Nahodha yeyote anajua kwamba macho yanahitaji muda kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali unatosha kukurudisha mwanzo. Mimi nilikuwa nimempa kurasa nyeupe kama chokaa.

Kwa hiyo rangi zikapungua. Kila kitu kilicho sawa sasa ni kijivu juu ya kijivu kizito, na rangi imeachiwa kengele peke yake. Na hata hapo rangi haibebi maana peke yake. Kila daraja la kengele lina umbo lake pia, kwa sababu kuna wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani na wengine hawajijui.

Jambo la kengele nyingi kwa wakati mmoja nalo nililiona kwa macho yangu usiku wa nne. Mnara wa mtandao ulipotea kisha ukarudi, na vifaa vyote vya kufuatilia vyombo vikatuma taarifa zao kwa pamoja. Kengele hamsini na kitu zikamwagika ndani ya dakika moja, nyingi zikisema jambo lile lile: nilipotea, nimerudi. Ami alinyoosha mkono akazima spika. Simlaumu. Nimesoma habari ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kilicholipuka tarehe 24 Julai 1994. Katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walirushiwa kengele 275. Mwongozo wa EEMUA 191, unaotumiwa sana na watu wa viwanda, unasema katika hali ya kawaida mtu mmoja aweza kuhudumia vizuri kengele moja hivi kwa kila dakika kumi. Tukakaa na waendeshaji tukapitia kila aina ya kengele tukiuliza: ikilia hii, wewe unafanya nini? Pasipo jibu, tuliiondoa kwenye kengele ikawa taarifa tu kwenye kumbukumbu. Theluthi mbili zilikwenda hivyo. Na mtandao ukirudi sasa inalia moja: mnara umerudi, vyombo hivi vimeonekana, hivi viwili bado.

Hivi viwili bado. Hapo ndipo penyewe.

Maana kitu kibaya kuliko dirisha lililopotea ni dirisha lililokufa likabaki linapendeza. Kamera ya gati la Mokowe usiku huonyesha maji meusi na taa moja. Ikiganda, huonyesha maji meusi na taa moja. Tulikaa saa mbili siku moja tukitazama picha ya saa mbili zilizopita, na kwenye pembe programu yangu iliandika "Imeunganishwa", kwa sababu ombi la kuunganishwa lilikuwa limetumwa na hakuna aliyekuja kulikanusha. Kosa hili lina ndugu mkubwa. Kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, taa ya valvu moja iliwaambia waendeshaji kwamba amri ya kufunga imetumwa. Wao wakaelewa kwamba valvu imefungwa. Ilikuwa wazi, na maji ya kupozea yalikuwa yakitoka. Nilikuwa nimesoma kisa hicho miaka mingi kabla na bado nikaandika "Imeunganishwa".

Siku hizi kila dirisha lina umri wake pembeni: sekunde ngapi tangu lipate habari mpya. Umri ukizidi kiasi, dirisha zima hupigwa mistari ya mshazari ili jicho likatae kuliamini. Kiasi chenyewe si kimoja kwa vyote. Tangu bandari mpya ya Lamu ipokee meli mwaka 2021, ramani yetu huonyesha pia meli kubwa zinazotuma AIS, yaani mawimbi ya redio ambayo kwayo meli hujitambulisha na kutaja ilipo. Meli iliyo mwendoni hutuma kila sekunde 2 hadi 10, iliyotia nanga hutuma kila dakika 3. Kimya cha dakika mbili kwa meli ya nangani ni salama. Kwa ile inayokata mlango ni jambo la kushika redio. Na majahazi na madau hayatumi chochote. Hilo nalo tumeliandika chini ya ramani, maneno manne yasiyofutika: "Vyombo vidogo havionekani hapa." Ami ndiye aliyelitaka. Alisema kijana atakayekuja baada yake ataiamini ramani kuliko bahari.

Tulibishana sana kama kila opereta awe na mpangilio wake au wote wawe na mmoja. Msimamizi alitaka mmoja, dada wa Faza alitaka wake. Mimi nilisimama katikati na bado nasimama hapo: ramani, kengele na daftari la redio vina mahali pamoja kwa watu wote, ili anayepokea zamu akikaa akute nyumba ile ile. Skrini ya nne ni ya mwenye zamu, apange atakavyo, na akiingia kwa jina lake ajikute alivyojiacha. Kuna kitufe kimoja, kilichobandikwa kipande cha mkanda wa manjano, ambacho kukibonyeza hurudisha kila kitu mahali pake. Ami anakibonyeza kila anapoketi, hata kama hakuna kilichohama. Anasema bismillahi, anabonyeza, anamimina kahawa.

Mwezi uliopita kampuni iliniambia inataka kuondoa skrini nne na kuweka moja pana, iliyopinda, upana wa meza nzima. Kipimo nilikuwa nacho. Kabla ya kufungua kompyuta nilikwenda dukani nikaomba boksi la friji, nikalikata kwa kipimo kile, nikalipinda, nikalisimamisha juu ya meza ya Ami zamu ilipokuwa shwari. Nikampa kalamu ya wino mzito. Akachora ramani kushoto, kengele katikati, redio kulia, kamera juu. Akarudi nyuma akalitazama. Kisha akaomba kisu, akakata kipande cha pembe ya kushoto, mraba mkubwa kama sinia, akakiweka pembeni.

"Hapa usitie kitu," akasema.

Nikainama mpaka kichwa changu kikawa sawa na chake. Kupitia lile tundu zilionekana taa za Manda, na taa moja nyekundu ya chombo ikiingia taratibu. Skrini mpya bado haijaagizwa. Kwanza tunapima jinsi ya kuigeuza meza.